Kikapu cha Bibi na Gari la Kuziba Pengo

Siku tuliyopeleka posa Mtae, mvua ya masika ilitukamata tukiwa tumeshaiacha Lushoto nyuma. Tulikuwa watu tisa ndani ya Landrova ya Baba. Yeye alikuwa kwenye usukani, Bibi katikati, Shangazi dirishani. Nyuma alikaa Mama, mzee wa ukoo aliyekuwa mshenga wetu, baba wadogo wawili, dada yangu na mimi, pamoja na beberu mmoja, gunia la mchele na sanduku la kanga. Gari hilo Baba alilinunua mnadani, kuukuu, bila kitabu cha maelekezo, akalipaka rangi mwenyewe kwa brashi. Alilipenda. Jumapili alikuwa akiliosha kabla ya kunywa chai.

Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huwa kama sabuni. Kwenye kona moja ya kupanda, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, na gari likaanza kurudi kinyumenyume, polepole, kuelekea korongoni. Beberu akalia. Bibi akapiga shahada kwa sauti. Baba akageuza usukani, ubavu ukaegemea kingo, tukasimama. Tukashuka wote isipokuwa Bibi, aliyesema kwamba kama ni kufa atafia kwenye kiti.

Saa nzima tulihangaika. Baba wadogo walisukuma na suti zao za posa mpaka tope likawafika kifuani. Tulikata matawi, tukapanga mawe, Shangazi akatandika gunia chini ya tairi. Gunia lilirushwa nyuma likamfunika mshenga. Mama alisimama chini ya mgomba na mwavuli, akauliza swali alilokuwa akiliuliza kila mwezi: "Baba watoto, na hili likifa, utafanyaje?" Baba akajibu kama alivyojibu kila mwezi: "Nitatafuta jingine kama hili hili."

Ndipo alipopita mzee mmoja, jembe begani, mfuko wa nailoni kichwani. Alitusalimu, akachungulia ndani ya gari, akauliza, "Umeshabonyeza cha njano?"

"Cha njano kipi, mzee wangu?"

Mzee akanyoosha kidole kwenye magoti ya Bibi. Pale palisimama fimbo fupi ya chuma yenye kirungu cha njano, na juu yake kilining'inia kikapu cha tambuu. Tangu gari lile liingie nyumbani kwetu, Bibi alikuwa akitundika kikapu chake hapo. Baba aliamini ni fimbo ya kitu kilichokufa zamani. Yule mzee, aliyewahi kuwa dereva wa serikali, akamwomba Bibi radhi, akatungua kikapu, akampa mkononi, kisha akakibonyeza kirungu mpaka kikazama. "Sasa magurudumu yote manne yanavuta," alisema. "Tia gia ya kwanza, na usikanyage mafuta kwa hasira."

Landrova ikaikwea kona ile kama beberu aliyekuwamo ndani yake. Tulifika Mtae usiku, tumepakwa tope kuanzia nywele, na posa ikapokelewa. Bibi hakusema neno njia nzima.

Nimekikumbuka kisa hicho kila mara ninaposoma jinsi gari hili lilivyozaliwa. Nalo lilizaliwa nyumbani, katikati ya ndugu na wakwe, shamba na theluji, na swali lile lile la Mama.

Kampuni iliyolizaa, Rover ya mji wa Coventry nchini Uingereza, ilianza na baiskeli. Mwaka 1885 ilitoa ile yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma, ambayo ndiyo mama wa baiskeli zote tunazopanda leo. Gari lake la kwanza lilifuata mwaka 1904. Jina Rover maana yake ni mzururaji. Kufikia mwaka 1929 mzururaji huyu alikuwa hoi kwa hasara, na aliyeitwa kumwinua alikuwa Spencer Wilks.

Hapa yataka tuingie kidogo kwenye mambo ya ndoa. Mzee William Hillman, mwenye kiwanda cha magari cha Hillman pale pale Coventry, alijaliwa mabinti sita. Mmoja aliolewa na Spencer Wilks, mwingine na John Black. Wanaume wawili waliooa nyumba moja sisi huwaita wanyumba. Baada ya baba mkwe kufariki mwaka 1921, wanyumba hawa walikiendesha kiwanda chake pamoja, mpaka kikaingia mikononi mwa ndugu wa Rootes. Wakatawanyika. Black akaenda kampuni ya Standard, Spencer akaenda Rover. Mwaka 1930 Spencer akamvuta mdogo wake, Maurice, mhandisi aliyekuwa amepishana naye kwa miaka kumi na mitatu, awe mkuu wa mitambo. Kaka akashika daftari, mdogo akashika spana, na Rover ikasimama tena kwa kutengeneza magari ya heshima, ya madaktari na mawakili.

Vita ikaja. Viwanda vya Coventry vikapigwa mabomu, Rover ikahamia Solihull, kwenye kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa fedha za serikali kwa ajili ya injini za ndege. Kampuni ilikabidhiwa pia kazi ya injini mpya ya jeti ya Frank Whittle, lakini Whittle na watu wa Rover hawakuiva chungu kimoja. Suluhu ilipatikana mezani. Mwishoni mwa mwaka 1942 Spencer alikutana na Ernest Hives wa Rolls-Royce kwenye hoteli ndogo ya mji wa Clitheroe, wakala chakula cha jioni, na walipoinuka walikuwa wamebadilishana mizigo: Rolls-Royce ichukue jeti, Rover ichukue injini ya kifaru. Injini iliyobadilisha usafiri wa anga wa dunia nzima ilihama mikono kama vile wanawake wawili wanavyopeana kibaba cha unga na kibaba cha sukari.

Amani iliporudi mwaka 1945, Solihull ilikuwa na kiwanda kikubwa na kazi kidogo. Chuma kiligawiwa kwa kibali, na anayeuza nje ya nchi ndiye aliyepewa zaidi. Magari ya Rover yaliuzwa zaidi kwa Waingereza wenyewe. Maurice alijaribu kubuni gari dogo la bei nafuu, likaishia njiani. Na wakati huo huo, kule Coventry, mwanyumba John Black alikuwa ameanza mwaka 1946 kutengeneza matrekta ya Ferguson, yakinunuliwa na wakulima wa kila bara. Anayejua mambo ya wanyumba anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Sasa tuhamie shambani. Maurice alikuwa na shamba karibu na kijiji cha Newborough, katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, mahali penye vilima vya mchanga, upepo wa bahari na njia zisizopitika kwa gari la mjini. Alikuwa akienda huko na familia yake kupumzika, na kama mwenye shamba yeyote, mapumziko yake yalikuwa kazi: kuvuta magogo, kubeba nyasi, kukwamua vitu. Kwa kazi hizo alinunua Jeep ya Willys, gari la jeshi la Marekani lililobaki baada ya vita. Majira ya baridi ya mwanzo wa 1947 yalikuwa makali mno Uingereza nzima. Barabara zilifukiwa na theluji kwa majuma, na watu wenye magari mazuri walibaki ndani wakiyatazama dirishani. Jeep ilikwenda.

Lakini ilikuwa imechoka. Ilitoka vitani, si dukani, na vipuri vyake ilikuwa shida kuvipata. Inasimuliwa kwamba Spencer alipofika shambani alimuuliza mdogo wake: hili likifa, utafanyaje? Maurice akajibu kwamba atanunua jingine kama hilo hilo, kwa sababu hakuna kitu kingine.

Fikiria uzito wa jibu hilo. Aliyeuliza alikuwa mkuu wa kampuni ya magari ya Kiingereza. Aliyejibu alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni hiyo. Na wote wawili walikuwa wamesimama mbele ya gari la Mmarekani, wakikiri kwamba bila hilo shamba halilimiki. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Swali ambalo Mama alimuuliza Baba chini ya mgomba lilibaki swali tu, kwa sababu Baba hakuwa na kiwanda, lakini kwa akina Wilks lilikuwa na pa kwenda.

Wakati wa Pasaka mwaka huo 1947 familia ilikuwa ufukweni, kwenye ghuba ya Red Wharf, kaskazini mashariki mwa kisiwa. Bahari ikitoka pale huacha uwanda mpana wa mchanga mgumu. Maurice alichora juu ya mchanga huo umbo la gari alilokuwa akiliwaza: lenye bapa mbele, bapa ubavuni, bapa nyuma, kitu ambacho mtoto angeweza kukichora. Akamweleza kaka yake kila mstari. Maji yakajaa, yakaufuta mchoro. Kufikia Septemba bodi ya kampuni ilikuwa imeidhinisha gari la mfano wa Jeep litengenezwe, la kuziba pengo kwa miaka miwili mitatu mpaka chuma kipatikane na Rover irudi kwenye magari yake ya heshima.

Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasi ya Jeep yenyewe, likatiwa injini ya Rover, na usukani ukawekwa katikati. Nia ilikuwa njema. Mkulima anapolima huketi katikati kama kwenye trekta, na gari la namna hiyo lingeuzwa nchi za kushoto na nchi za kulia bila kubadilishwa chochote. Kiti cha Bibi, kwa mpango huo, ndicho kingekuwa cha dereva. Lakini enzi hizo dereva wa Kiingereza aliashiria kona kwa kutoa mkono nje, na aliyeketi katikati mkono wake haukufika popote. Abiria nao walibanwa huku na huku. Usukani ukahamishwa, na lile gari la kwanza halipo tena.

Yaliyofuata ni mambo anayoyajua kila aliyewahi kupika pasipo na kitu jikoni. Chuma hakuna, basi bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na magnesi, madini yaliyokuwa tele kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Mashine kubwa za kukandamiza bati zilikuwa ghali, basi mabati yakakunjwa kwa mistari iliyonyooka, na ndiyo maana Landrova ina sura ya kasha. Chasi iliungwa kwa kulehemu vipande bapa vya chuma mpaka vikawa boriti yenye uwazi ndani. Rangi ilikuwa moja tu, kijani hafifu, na inasemekana ilikuwa ni ile iliyobaki kwenye kupaka vyumba vya marubani. Injini ilitoka kwenye gari la heshima lililokuwa tayari kiwandani, ya sentimita za ujazo 1,595 na nguvu ya farasi 50. Urefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ulikuwa inchi 80, kipimo kile kile cha Jeep, hakikupungua wala kuzidi.

Hata alama yake ina kisa cha mezani. Inasimuliwa kwamba mchoraji mmoja kiwandani alikula chakula cha mchana cha dagaa wa kopo juu ya meza yake ya kazi, akaacha kopo kwenye karatasi. Alipoliondoa, mafuta yalikuwa yamechora duara lililobonyea, na ndani ya duara hilo likaandikwa jina. Jina nalo lina wasimulizi wake. Kwenye kisiwa cha Islay huko Uskoti, Spencer alikuwa na shamba kubwa la mawindo, na inasemwa kwamba alipolipitisha gari lake la Rover kwenye njia za mawe, mlinzi wa wanyama pori alisema kuwa hilo basi ni Rover la nchi kavu, yaani Land Rover. Mimi visa hivi viwili navipenda kwa sababu vinafanana na nyumba zetu: kila kitu kizuri kilichomo ndani kina mtu anayejua kilivyoanza.

Tarehe 30 Aprili 1948 gari lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza, kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Ulikuwa mwaka mmoja tu na majuma machache tangu mchoro wa mchangani. Bei ilikuwa pauni 450, na kwa fedha hiyo mnunuzi alipata injini, magurudumu na pa kukalia. Milango na turubai vililipiwa pembeni. Mwenye kutaka aliuziwa pia kifaa cha kuchukua nguvu ya injini nyuma ya gari, cha kuendesha msumeno, mashine ya kupura nafaka au pampu ya maji. Waliolibuni walilihesabu kuwa chombo cha shamba, kaka wa trekta, na walikuwa na haki ya kulihesabu hivyo.

Mwaka huo huo kampuni ilijaribu kulifanya gari la familia. Kampuni ya Tickford ililijengea bodi yenye viti vya ngozi na kipasha joto. Lakini serikali ikaona kwamba lenye starehe kiasi hicho ni gari la anasa, ikalitoza kodi ambayo lile la turubai halikutozwa. Yaliyotengenezwa hayakufika hata 700. Wakulima, askari, wamisheni na mabwana mifugo waliendelea kununua lile lisilo na milango, wakanunua mengi, na muda si muda yule wa kuziba pengo akawa ndiye anayeilisha kampuni nzima. Magari ya heshima, yaliyotarajiwa kurudi na kutawala nyumba, yalirudi yakamkuta mdogo wao amekalia kiti cha kichwani.

Ukoo uliendelea na kazi. Spen King, mpwa wa akina Wilks, aliongoza ubunifu wa Range Rover iliyotoka mwaka 1970, na hiyo hatimaye ikaleta ile starehe ambayo kodi iliizuia mwaka 1948. Gari la milioni moja lilitoka Solihull mwaka 1976. La mwisho la umbo lile la zamani lilitoka tarehe 29 Januari 2016, baada ya mengine zaidi ya milioni mbili. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni ilirudi kwenye ghuba ya Red Wharf na magari sita, ikachora mchangani umbo la Landrova lenye upana wa kilomita moja. Maji yakajaa, yakalifuta, kama yalivyofuta la kwanza.

Maurice Wilks alifariki ghafla mwaka 1963, akiwa mwenyekiti wa Rover, akazikwa Anglesey, kwenye uwanja wa kanisa dogo la Llanfair-yn-y-Cwmwd, si mbali na shamba lake. Jiwe la kaburi lake linamsifu kuwa mtu mpole, mnyenyekevu na aliyependwa, na linamtaja kuwa ndiye aliyesababisha gari la kwanza duniani kuendeshwa kwa injini ya tabo ya gesi. Gari hilo, JET1 la mwaka 1950, lilikuwa kazi ya ajabu, na limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya sayansi jijini London. Lakini halikuingia sokoni, na halikumfikisha mtu Mtae. Landrova haikutajwa kwenye jiwe.

Sidhani waliolichonga walikosea kwa kutojali. Nadhani ni tabia yetu binadamu. Jambo tulilolifanya kwa fahari tunalichonga kwenye jiwe, na jambo tulilolifanya kwa sababu ya shida ya nyumbani tunaliona la kawaida. Mimi niliyesukuma gari lile siku ile ya mvua, nikalipanda tena likiwa linavuta kwa miguu yake yote minne, nashuhudia kwamba lile la shida ndilo lililokuwa kubwa. Mhandisi aliyejibu swali la kaka yake kwa mikono yake, badala ya kununua jingine kama hilo hilo, ndiye aliyetufikisha mlangoni kwa wakwe zetu.

Baba mdogo tuliyemposea na mkewe wa Mtae wana wajukuu sasa. Landrova ya Baba bado ipo, chini ya mwembe, na kikapu cha Bibi tulikitundika kwenye msumari ukutani siku ile ile tuliyorudi. Nawe msomaji, ukipewa Landrova ya zamani uiendeshe masika, tafuta kwanza kirungu cha njano, karibu na miguu ya aliyeketi katikati. Kibonyeze kabla hujaingia kwenye tope.